Jean de Heinzelin, mwenye kusoma udongo wa Ishango

Sisi wachimbaji wa Kivu tunajua maana ya etiketi. Gunia la kasiterite au la koltani lisilo na etiketi, hata madini yake yakiwa safi namna gani, litaangaliwa kwa jicho baya. Watauliza: limetoka wapi? Shimo gani? Nani alilitoa? Kama hakuna jibu, bei inaanguka, ao gunia linazuiliwa kabisa. Madini ni yale yale, lakini yamepoteza jina la nyumbani kwao.

Mtu tunayeandika juu yake leo hakuwa mchimbaji wa madini. Alikuwa mwanajeolojia, Mbelgiji, jina lake Jean de Heinzelin de Braucourt. Lakini maisha yake yote alifanya kazi inayofanana na ile ya etiketi: kila kitu kilichotoka ndani ya udongo, yeye aliandika kimetoka tabaka gani, chini ya nini na juu ya nini. Juu ya ile, mfupa mmoja mdogo uliotoka Ishango, huku kwetu Kivu, unajulikana leo dunia nzima. Juu ya ile vilevile, mwisho wa maisha yake alisaidia kuonyesha kwamba miaka milioni 2 na nusu iliyopita kulikuwa tayari, hapa Afrika, viumbe waliokata nyama kwa kisu cha jiwe.

De Heinzelin alizaliwa tarehe 6 Agosti 1920. Ujana wake uliangukia kwenye vita: alipokuwa na miaka 20, nchi yake ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Baada ya vita alishika kazi ya jeolojia. Alifanya kazi Brussels, kwenye taasisi ya kifalme ya sayansi ya viumbe na mazingira, na alifundisha kwenye universite za Ghent na Brussels. Lakini kazi iliyompa jina aliifanya Afrika, miguu kwenye vumbi, nyundo mkononi.

Miaka ile ya kisha vita, serikali ya ukoloni ilikuwa inaleta wanasayansi wengi Kivu. Hapa Lwiro, kwenye teritware ya Kabare, ndipo IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya kati iliyoanzishwa mwaka wa 1947, ilijenga makao yake makubwa, zile nyumba ambazo kila mtu anayepita barabara ya Katana anazijua. De Heinzelin yeye hakutumwa na Lwiro. Alitumwa na idara ya parke za taifa, iliyokuwa inasimamia Parke Albert. Parke ile ilianzishwa mwaka wa 1925, ya kwanza katika Afrika nzima, na ndiyo leo tunaiita Virunga.

Ishango iko kaskazini ya ziwa Edward, pale pale mto Semliki unapotoka ziwani. Watu wetu wa ziwa Kivu wanajua kwamba maji ya ziwa letu yanashuka na Ruzizi mpaka Tanganyika, na mwisho yanaingia mto Kongo. Maji ya ziwa Edward hayafuate njia ile. Yanapita Semliki, yanaingia ziwa Albert, kisha yanakwenda na mto Nili mpaka Misri. Mtu akisimama Ishango, amesimama kwenye mlango wa Nili. Tuweke hii kichwani, maana itarudi.

De Heinzelin hakuwa wa kwanza kuokota kitu pale. Mwaka wa 1935 Mbelgiji mwingine, Hubert Damas, aliyekuwa anachunguza maji na samaki wa lile ziwa, alikuta Ishango vyuma vya kuvulia, tuseme vichokoo, ila havikuwa vya chuma: vilichongwa kwa mfupa. Alikuta pia mifupa ya watu. Ni Damas aliyefungua njia, lakini kazi yake ilikuwa maji, si udongo.

Mwaka wa 1950 de Heinzelin alifika, mtu wa karibu miaka 30. Alifungua mitaro kwenye kingo za mto. Hapa ndugu mchimbaji anaweza kuelewa kuliko msomaji wa mjini, maana kila anayeshuka shimoni anaona ukuta wa shimo: udongo mweusi juu, chini yake udongo mwekundu, chini tena changarawe, kisha mwamba. Sisi tunaangalia ukuta kutafuta mshipa wa madini. Yeye aliuangalia kama mtu anayesoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho. Kilicho juu kililazwa juzi, kilicho chini kililazwa zamani, isipokuwa pale ambapo ardhi imegeuka, ao mtu ama mnyama amechimba tundu. Lazima uangalie kila tundu, kila ufa, usidanganywe.

Kazi kama ile haiendi na baramini. Inakwenda polepole, kwa kisu na burashi, na udongo unaotoka unapitishwa kwenye chekeche ili hata jino la samaki lisipotee. Kila kipande kinapewa namba, na namba inaandikwa pamoja na kina na tabaka. Kazi ya kutoa ule udongo ilikuwa ya mikono mingi, na tunajua mikono ya nani ilishika beleshi wakati wa ukoloni. Kitabu kilichotoka mwaka wa 1957 juu ya machimbo ya Ishango kina jina moja tu kwenye gamba lake. Hatusemi hii kumpunguzia heshima mzee de Heinzelin, ila mtu wa sendika hawezi kupita pale bila kusema.

Alikuta nini? Alikuta kijiji cha wavuvi kilichofunikwa. Kulikuwa na mifupa ya samaki wengi sana, mifupa ya kiboko na ya wanyama wengine, vipande vya mawe ya kwarzi vilivyopasuliwa kwa kukata na kukwangua, mawe ya kusagia, na vichokoo vya mfupa vingi. Kwenye tabaka za chini, vichokoo vilikuwa na meno pande mbili. Kwenye tabaka za juu, vilikuwa na meno upande mmoja tu. Mtu akivichanganya vyote kwenye gunia moja, angeona vichokoo tu. Kwa sababu kila kimoja kilikuwa na namba ya tabaka lake, de Heinzelin aliweza kuona ufundi unabadilika kutoka kwa mababu kwenda kwa wajukuu. Kulikuwa pia na vipande vya mifupa ya watu wenyewe, mifupa mizito na yenye nguvu, lakini watu kamili sawa sisi. Halafu volkano ilimwaga jivu, jivu likafunika.

Kati ya vile vitu kulikuwa na mfupa mmoja mdogo, karibu santimetere 10, wenye rangi ya kahawia iliyoiva. Kwenye ncha yake kumepachikwa kipande cha kwarzi, sawa vile sisi tunavyopachika chuma kwenye mpini. Na kwenye ubavu wake kuna mikato, imepangwa kwa mafungu, kwenye mistari mitatu.

Tuhesabu pamoja. Mstari mmoja una mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19. Jumla ni 60. Mstari wa pili una 11, 21, 19 na 9. Jumla ni 60 tena. Mstari wa tatu una 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, kisha 5 na 7. Jumla ni 48. Mwalimu wa hesabu akiona mstari wa kwanza, atasema hizo ni namba zote kati ya 10 na 20 zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akiona wa pili, atasema ni 10 na 1, 20 na 1, 20 kutoa 1, 10 kutoa 1. Akiona mwanzo wa wa tatu, atasema hapa mtu alikuwa anazidisha kwa mbili.

De Heinzelin aliona ile, na alisema wazi kwamba kwa mawazo yake haikuwa mapambo. Watu wa Ishango walijua kucheza na namba. Alikwenda mbali zaidi: kwa kuwa vichokoo vinavyofanana vilipatikana pia chini zaidi kwenye bonde la Nili, alifikiri ufundi wa Ishango ulishuka na ule mto kwenda Sudani na Misri, na labda hesabu ilishuka pamoja nao. Njo maana tulisema Ishango ni mlango wa Nili. Mwaka wa 1962 aliandika juu ya hii kwenye gazeti kubwa la sayansi la Marekani, na ule mfupa ukaanza kutembea kwenye vitabu vya dunia nzima.

Wengine hawakukubali. Mmarekani Alexander Marshack aliuangalia mfupa kwa darubini ya karibu na akasema mikato ile inafuata siku za mwezi, ni kalenda. Kuna wanaosema mikato ilikuwa ya kuzuia mkono usiteleze. Mabishano hayajaisha. Lakini sisi tunaohesabu magunia kwa kuchora mistari kwenye ubao pale mlangoni mwa shimo hatushangai kusikia kwamba mtu wa zamani alichora mistari ili asisahau. Asiyehesabu analipwa kile mwingine anachotaka kumlipa.

Sasa tuje kwenye swali gumu: ule mfupa una miaka mingapi? Hapa tunaona namna mtu huyu alivyofanya kazi. Walipopima magamba ya konokono wa ziwa yaliyotoka kwenye tabaka lile, kipimo kilileta miaka karibu 21,000. De Heinzelin hakukikubali. Alijua kwamba kwenye ziwa lililo karibu na volkano, maji yanaweza kuwa na kaboni ya kale inayotoka chini ya ardhi, na gamba likiinywa, kipimo kinadanganya: kitu cha juzi kinaonekana cha zamani. Juu ya ile aliandika umri mdogo zaidi, kati ya miaka 8,000 na 11,000 hivi. Angetaka sifa tu, angeshika ile namba kubwa.

Kumbe namba kubwa njo ilikuwa karibu na kweli. Miaka ya 1980, watafiti walirudi kwenye bonde la Semliki pamoja na Mmarekani Noel Boaz, na de Heinzelin alikuwa mmoja wao, mzee wa zaidi ya miaka 60. Mmarekani Alison Brooks na wenzake walipima upya kwa njia nyingine, na leo wataalamu wanasema wavuvi wa Ishango waliishi miaka kati ya 20,000 na 25,000 iliyopita. Hii iliwezekana kwa sababu tabaka zilikuwa zimeandikwa. Mtu anaweza kurudi baada ya miaka 35, akakuta tabaka lile lile, na akasahihisha namba. Na Brooks na mwenzake John Yellen walikuta jambo lingine: Katanda, si mbali na Ishango, walitoa vichokoo vya mfupa ambavyo wao walivipa miaka karibu 90,000. Kama ni hivyo, wavuvi wa Semliki walikuwa na vyombo vile muda mrefu sana mbele ya watu wa Ulaya.

Tuweke mfano mwingine kando, ili tuone hasara ya kukosa etiketi. Mwaka wa 1921, kwenye mgodi wa zinki na risasi wa Broken Hill, ule mji ambao leo unaitwa Kabwe, nchini Zambia, wachimbaji walitoa kichwa cha mtu wa kale, kizima karibu chote, chenye nyusi nene za mfupa. Ni kati ya vichwa vya maana sana vilivyowahi kutoka Afrika, na kilitoka mikononi mwa watu wa mgodi kama sisi. Lakini mgodi uliendelea kula kile kilima, na tabaka lake likaenda pamoja na madini. Karibu miaka 100 wataalamu walibishana juu ya umri wake bila kuwa na ukuta wa kurudi kuuangalia. Ni mwaka wa 2020 tu walipopima mfupa wenyewe na kusema ni miaka karibu 300,000. Kile kichwa kiko London, na Zambia inakidai.

Turudi kwa de Heinzelin. Miaka ya 1960, Misri ilipokuwa inajenga ukuta mkubwa wa Aswan na maji yalikuwa yanakuja kufunika nchi ya Nubia, yeye alikuwa kati ya wanasayansi waliokwenda kusoma kingo za Nili kabla hazijazama. Kisha alikwenda Ethiopia, kwenye bonde la Omo. Pale, kuanzia mwaka wa 1967, kulikuwa na kundi la Wafaransa, kundi la Wamarekani na kundi lililotoka Kenya. De Heinzelin alifanya kazi na Mmarekani F. Clark Howell.

Omo ni mahali pa ajabu kwa mtu wa udongo. Tabaka zake, ukizipanga moja juu ya nyingine, zinapita metere 700, na kati yake mara kwa mara kuna mstari wa jivu la volkano. Lile jivu ni sawa saa iliyozikwa. Ndani ya chembe zake mna potasiamu, na sehemu yake ndogo inageuka polepole kuwa hewa ya argoni, kwa mwendo usiobadilika. Laboratware ikipima ile hewa, inajua jivu lilimwagika lini. Mfupa ulio chini ya jivu ni wa zamani kuliko jivu, ulio juu yake ni wa nyuma. De Heinzelin na wenzake walipanga zile tabaka, wakazipa herufi moja moja, na mwaka wa 1983 kitabu chake juu ya Omo kilitoka. Toka pale, mtu akiokota jino la nguruwe ao la mtu wa kale Omo, anajua aliweke wapi katika safari ya zaidi ya miaka milioni 2. Mahali pengi pa Afrika ya mashariki palipimwa kwa kulinganishwa na Omo.

Kazi ya mwisho ilikuwa pia Ethiopia, kwenye bonde la Awash, nchi ya Waafar, mahali panapoitwa Bouri. Mzee alikuwa amepita miaka 70. Kundi lile liliongozwa na Mmarekani Tim White pamoja na Waethiopia, kati yao Berhane Asfaw. Walikuta mifupa ya wanyama ya miaka milioni 2 na nusu, yenye alama za kukatwa. Taya la swala mmoja lilikuwa na mikato ya mtu aliyetoa ulimi. Mfupa wa mguu ulikuwa umepigwa na jiwe na kuvunjwa ili kutoa uboho. Na pale karibu hapakuwa na mawe mazuri ya kutengenezea visu. Maana yake, wale viumbe walibeba vyombo vyao kutoka mbali na hawakuviacha ovyo, sawa mchimbaji asivyoacha nyundo yake. Mwaka wa 1997, kwenye tabaka hilo hilo, Mwethiopia Yohannes Haile-Selassie alikuta vipande vya kichwa cha kiumbe ambacho wakakipa jina Australopithecus garhi. Garhi, kwa lugha ya Kiafar, ni jambo la kushangaza. Kama ni yeye aliyekata ile nyama, ao ni mwingine aliyeishi naye, bado wanabishana.

De Heinzelin alikufa tarehe 4 Novemba 1998. Habari za Bouri zilitoka mwezi wa Aprili 1999, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye andiko lile la mifupa iliyokatwa. Hakuliona likichapishwa.

Najua wasomaji wengine wanauliza: basi mnatuambia mababu zetu walikuwa sokwe? Hapana. Watoto wetu wanaokuja Lwiro kuwaona sokwe mayatima, wale ambao wengine wanawaita sokomutu, waliookolewa kwa wawindaji na kulelewa hapa tangu mwaka wa 2002, wasidhani wanaangalia babu yao. Sokwe ni ndugu wa ukoo wa mbali. Sisi na yeye tulikuwa na mababu wamoja, mamilioni ya miaka iliyopita, kisha kila mmoja akashika njia yake. Kwenye njia yetu ndipo tunakuta wale wa Omo na wa Bouri. Nani aliyeweka ile njia, padiri na pasta wana neno lao, na sisi hatuingilie. De Heinzelin alisema tu kile udongo ulichomwonyesha, na udongo ulipomsahihisha, ilikuwa ni kwa kazi aliyoiandika mwenyewe.

Iko jambo moja ambalo hatuwezi kulimeza. Mfupa wa Ishango hauko Ishango, hauko Goma, hauko Kinshasa. Uko Brussels, kwenye makumbusho ya ile taasisi aliyofanyia kazi. Uliondoka wakati ambapo Mkongomani hakuwa na neno la kusema juu ya mali ya nchi yake, sawa vile madini yalivyoondoka. Tunakubali kwamba umetunzwa vizuri kule, na kwamba vita vya Kivu vingeweza kuuharibu. Lakini mlinzi wa nyumba hageuki mwenye nyumba. Mwaka wa 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja Kongo, akafika mpaka Bukavu, alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu, lakini kama mkopo. Mwaka ule ule nchi yake ilipiga sheria juu ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni. Basi na mfupa wa Ishango uzungumzwe. Na sisi tuanze kutayarisha nyumba ya kuupokea: wanasayansi wetu walipwe, maktaba ya Lwiro isivuje, na vijana wetu wasome jeolojia si kwa kutafuta dhahabu peke yake. IRSAC ya zamani ni CRSN toka mwaka wa 1975, na wanaofanya kazi ndani yake ni Wakongomani. Mashine zao zinasikiliza matetemeko ya ardhi na volkano kwa ajili yetu sote.

Kuna pia kazi ambayo iko mikononi mwetu wenyewe, na haihitaji kungoja Brussels. Mashimo yetu yanashuka kila siku mahali ambapo hakuna mwanasayansi amewahi kufika. Ukikuta mfupa mzito sawa jiwe, ao jiwe lililochongwa, ao mfupa wenye alama, simamisha baramini. Usiuoshe, usiukwangue. Pima kina kwa kamba. Piga picha ya ukuta wa shimo, weka nyundo kando ili ukubwa uonekane. Chota mkono mmoja wa udongo ule ule, uufunge pamoja nao. Andika tarehe, jina la shimo na jina la aliyeuona wa kwanza. Hii ya mwisho tunaisisitiza. Kisha mwambie delege wa sendika, habari ifike CRSN Lwiro ao kwa walimu wa jeolojia wa universite. Usimuuzie mpita njia, maana akishaondoka nao bila karatasi, hata akilipa vizuri, ule mfupa umekuwa bubu.

Na kama mfupa ni mwepesi, mweupe, kuna nguo ao risasi karibu, hiyo si habari ya mababu wa zamani. Nchi hii imeona vita toka mwaka wa 1996, na kuna wazazi wanaotafuta watu wao mpaka leo. Pale usiguse kitu kabisa. Ita viongozi, na mtu abaki pale kulinda mpaka wafike.